Banda la Jirani Likinuka

Leo tuzungumze jambo ambalo watu wengi hulisema chini chini, lakini wachache hulisema mbele ya mhusika. Jambo lenyewe ni harufu mbaya inayotoka katika banda la mifugo la jirani.

Pengine wewe unakaa karibu na banda la kuku. Pengine nyuma ya ua wako kuna zizi la mbuzi, au banda la nguruwe, au mbwa wanaofungwa mchana kutwa. Jioni upepo unapogeuka, harufu inaingia jikoni. Chakula kimeandaliwa, lakini watoto wanaziba pua. Mgeni akija unaona haya, ingawa banda si lako.

Utafanya nini? Wengi wetu hufanya moja kati ya mambo matatu. Wa kwanza hunyamaza, akaweka hasira moyoni. Wa pili husengenya kisimani, dukani na kilabuni. Wa tatu hukimbilia ofisini kushtaki.

Mimi nasema hakuna hata moja kati ya njia hizi linalofaa kuwa la kwanza. Maoni yangu ni haya: harufu ya banda isiwe kesi, iwe kazi. Anayesikia harufu aende kwa mwenye banda, amwambie kwa heshima, tena awe tayari kushika koleo pamoja naye. Na mwenye banda akiambiwa, asione kuwa ametukanwa. Ashukuru. Nitaeleza kwa nini.

Kijiji cha zamani na kijiji cha leo

Wapo wanaosema, "Kijiji ni mifugo. Asiyetaka harufu ahamie mjini." Maneno haya yana ukweli kidogo. Mifugo ni mali. Mayai yananunua chumvi na sabuni. Mbuzi mmoja anaweza kumnunulia mtoto sare na madaftari. Sisemi watu waache kufuga.

Lakini tukumbuke jinsi tunavyoishi. Zamani, katika sehemu nyingi za Tanzania, watu waliishi mbalimbali. Kila mmoja alikaa katika shamba lake. Harufu ya zizi lake iliishia shambani kwake. Kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamia katika vijiji. Nyumba zilijengwa karibu karibu, ili shule, zahanati na maji vipatikane kwa urahisi.

Tangu hapo tumeongezeka sana. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu zaidi ya milioni 12 katika Tanzania. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61. Watu wameongezeka, ardhi haikuongezeka. Kiwanja alichopewa baba, leo wamegawana wanawe. Banda ambalo zamani lilikuwa mbali na kila mtu, leo liko chini ya dirisha la mtu.

Kwa hiyo hatuwezi kufuga kama walivyofuga babu zetu, maana hatukai kama walivyokaa. Tunaweza kufuga, lakini kwa kumfikiria mwenzetu wa ng'ambo ya ua.

Kwa nini mwenye banda hasikii harufu

Huenda umewahi kujiuliza, "Hivi huyu mtu hana pua?" Anayo. Lakini pua ya binadamu huzoea. Ukiingia penye samaki wabichi, mwanzoni harufu ni kali. Ukikaa kwa muda, huisikii tena. Harufu haijaondoka. Pua yako ndiyo imechoka kukuarifu.

Mwenye banda yuko hivyo hivyo. Analala na harufu, anaamka na harufu. Kwake imekwisha kuwa hewa ya kawaida. Wahenga walisema, nyani haoni kundule. Hawakusema nyani ni mwovu. Walisema haoni.

Basi, ndugu msomaji, kama mwenye banda hasikii, ni nani atamwambia? Ni wewe unayesikia. Ukinyamaza, usijidanganye kwamba unamheshimu. Unamwacha gizani, huku ukimhukumu kwa jambo asilolijua.

Tena kunyamaza kuna hatari kubwa. Hasira isiyosemwa haifi. Inakua. Tuchukue mfano. Jirani wawili hawasemezani mwaka mzima kwa sababu ya harufu ya kuku. Kila mmoja anajua mwenzake amenuna. Kisha kideri kinaingia kijijini. Kwa siku chache kuku wote wa mwenye banda wanakufa. Je, atasema ni kideri? Watu wengi watasema, "Jirani amewawekea sumu." Wengine watataja uchawi. Na kuku waliuawa na ugonjwa ambao una chanjo. Chanjo yake ni tone moja la dawa katika jicho, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Hapo uadui unapita kwa watoto. Ajali ya moto ikitokea usiku, nani atakimbia kusaidia? Fimbo ya mbali haiui nyoka. Jirani ndiye fimbo ya karibu. Tusiivunje kwa ajili ya kinyesi cha kuku.

Harufu hutoka wapi

Wengi hufikiri harufu ni tabia ya mnyama. Si kweli. Mara nyingi harufu inatokana na unyevu.

Kinyesi kikikauka upesi, hakinuki sana. Kinyesi kikichanganyika na mkojo na maji, mahali pasipopita hewa, vijidudu visivyoonekana kwa macho hukiozesha. Uozo huo ndio unaonuka. Mkojo nao hutoa hewa kali inayowasha macho na pua. Hewa hiyo huitwa amonia.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Ndani ya amonia mna naitrojeni. Naitrojeni ni chakula cha mimea. Ndiyo inayofanya mahindi yawe na majani ya kijani kibichi. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya urea unaouzwa dukani una kilo 23 za naitrojeni. Kwa naitrojeni hiyo mkulima hutoa fedha zake.

Kwa hiyo zizi linaponuka amonia, mbolea inapaa hewani. Jirani anaziba pua, na mwenye zizi anapoteza mali. Wote wawili wanapata hasara kwa jambo moja. Ndiyo maana nasema wote wawili wanafaa kulimaliza pamoja.

Tazama mfano wa miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Huko nyumba zimesongamana kati ya migomba na kahawa. Kwa vizazi vingi Wachaga wamefuga ng'ombe na mbuzi bandani, katika kihamba kile kile wanamoishi. Majani hukatwa na kuletwa kwa mnyama. Samadi huchukuliwa na kupelekwa kwenye migomba. Samadi haiachwi ilale bandani mpaka ioze, kwa sababu mgomba unaingoja. Mahali ambapo samadi ina kazi, haipati nafasi ya kuwa kero.

Harufu pia huleta nzi. Nzi hutaga mayai katika kinyesi kibichi. Wakati wa joto, yai huweza kuwa nzi kamili kwa siku 7 hadi 10 tu. Nzi hao hawajui mpaka wa kiwanja. Wanatoka kwenye kinyesi, wanatua kwenye ugali wa jirani. Huleta kuhara. Nzi wanaotua machoni mwa watoto hueneza pia ugonjwa wa vikope, ambao huweza kumpofusha mtu. Ukiondoa kinyesi na matandazo machafu angalau mara moja kila wiki, unawakata nzi kabla hawajaruka.

Kila mnyama na dawa yake

Dawa ya harufu haiuzwi dukani. Ni ukavu, hewa na ufagio.

Kuku. Tandaza sakafuni maranda ya seremala au pumba za mpunga. Unene wake uwe kama upana wa vidole vinne. Geuza matandazo hayo kwa reki kila baada ya siku mbili au tatu. Chombo cha maji kiweke juu ya tofali, kuku wasimwage maji. Palipolowa, ondoa siku hiyo hiyo. Acha sehemu ya juu ya ukuta iwe ya waya, hewa ipite. Usisongamanishe kuku. Eneo la mita moja kwa mita moja linatosha kuku wakubwa wanne au watano.

Mbuzi. Wajengee banda la kichanja, lenye sakafu ya miti iliyoinuliwa juu ya ardhi. Acha nafasi ya upana wa kidole kati ya mti na mti. Kinyesi kitaanguka chini, na mbuzi atalala pakavu. Fagia chini ya kichanja mara kwa mara. Lakini beberu ana harufu yake mwenyewe. Hutoka katika tezi zilizo karibu na pembe. Tena wakati wa kutafuta majike, beberu hujikojolea ndevu na miguu ya mbele. Harufu hiyo haiondoki kwa kufagia. Mfunge mbali na nyumba za watu. Kama humhitaji kwa mbegu, mwombe Bwana Mifugo amhasi angali mdogo.

Nguruwe. Watu humsingizia nguruwe kuwa mchafu kuliko wote. Ukweli ni kwamba nguruwe hatoi jasho kama binadamu. Akiona joto hujigaragaza kwenye tope apate kupoa. Mpe kivuli na maji safi. Mpe nafasi ya kutosha, naye atachagua pembe moja ya kujisaidia, mbali na anapolala. Sakafu iwe na mteremko, na mkojo uende katika shimo lenye kifuniko. Makombo yaliyochacha yaondolewe kila siku. Na kama jirani yako ni mtu ambaye dini yake inamkataza nguruwe, ongeza heshima. Banda liwe mbali na ua wake, na maji yake machafu yasielekee kwake kabisa.

Mbwa. Mbwa anayefungwa mahali pamoja siku zote hujisaidia mahali pale pale. Okota kinyesi chake kwa jembe au koleo kila siku, ukifukie katika shimo. Usikitie katika mbolea ya mboga. Kinyesi cha mbwa na cha paka kinaweza kuwa na mayai ya minyoo ambayo huwadhuru watoto wanaocheza na udongo. Mbwa apewe dawa ya minyoo, na kila mwaka achanjwe kichaa cha mbwa.

Jambo moja la kuangalia. Watu wengi humwaga majivu juu ya samadi mbichi yenye mkojo, wakidhani watazuia harufu. Majivu yakikutana na mkojo, amonia hutoka kwa wingi zaidi. Harufu ya kuwasha inaongezeka, na mbolea inapotea. Tumia majani makavu au udongo mkavu badala yake.

Samadi uliyoiondoa, irundike. Weka tabaka la majani makavu au mabua, kisha tabaka la samadi, kisha majani tena. Funika kwa majani ya migomba au kwa udongo kidogo. Chagua mahali palipo mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Chomeka mti katikati ya rundo. Ukiuchomoa baada ya siku chache na kuukuta wa moto, ujue kazi inakwenda vizuri. Geuza rundo kila baada ya wiki mbili au tatu. Baada ya miezi mitatu hivi utapata mboji inayonukia kama udongo wa mvua za kwanza.

Kabla hujajenga banda jipya, tazama moshi wa jikoni jioni. Moshi unapoelekea, ndiko harufu itakakoelekea. Kwa ndugu zetu wa pwani, tazameni wakati wa kaskazi na wakati wa kusi pia. Banda lisilomsumbua mtu wakati wa kaskazi huweza kumsumbua wakati wa kusi.

Nani ashike ufagio

Hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya wanaume hawatalipenda. Katika nyumba nyingi, mbuzi ni wa baba siku ya kuuzwa, lakini ni wa mama na watoto siku ya kufagiwa. Mama anatoka shambani, anachota maji, anapika. Kisha tunamlaumu kwa nini zizi linanuka.

Anayepokea bei ya mbuzi ashike na koleo. Huo ndio usawa. Na wewe msomaji sasa unajua kuandika. Chukua karatasi, andika ratiba ya zamu. Jumatatu baba, Alhamisi kijana mkubwa, Jumamosi wote. Iangike mlangoni mwa banda. Andika pia tarehe ya kubadili matandazo na tarehe ya chanjo. Hiyo ni kazi nzuri ya kalamu yako.

Jinsi ya kumwambia jirani

Kusema si kosa. Kosa ni kusema vibaya. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni.

Kwanza, chagua wakati. Usiende wakati wa chakula. Usiseme mbele ya wageni wake, wala kilabuni. Usimtume mtoto.

Pili, sema shida yako. Usitaje uchafu wake. "Wewe ni mchafu" ni tusi. "Watoto wangu wanashindwa kula" ni shida ya mtu, na jirani mwenye utu ataisikia.

Tatu, nenda na msaada. Mazungumzo yanaweza kuwa hivi:

"Hodi hapa!"

"Karibu, karibu ndani."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, mzee. Nimekuja unisaidie jambo. Tangu mvua zianze, upepo wa jioni unaleta harufu ya zizi mpaka jikoni kwangu. Watoto hawali vizuri, na nzi wamezidi. Nikaona nisinyamaze, maana wewe ni mzazi wangu."

"Ala! Imefika huko? Mimi wala siisikii."

"Ndiyo, mzee. Seremala amenipa magunia mawili ya maranda. Nimefikiri Jumamosi nije na kijana wangu tukusaidie kutoa samadi na kuchimba mfereji. Na kama hutajali, utanigawia samadi kidogo kwa mboga zangu."

Tazama, ndugu msomaji. Hakuna aliyeshtaki, hakuna aliyeshtakiwa. Jumamosi zizi litakuwa kavu, na mboga zitapata mbolea.

Mtu atauliza, "Kwa nini nikafanye kazi katika zizi la mtu mwingine?" Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba hufanyi kwa ajili yake tu. Unajifanyia jiko lako na watoto wako. Tena hutafanya kila wiki. Ni siku moja ya kuanzisha. Baada ya hapo kazi ni yake, naye hatakuwa na sababu ya kusema hajui njia.

Jinsi ya kupokea maneno

Wewe mwenye banda, jirani akija, usimjibu, "Kwani choo chako hakinuki?" Kama choo chake kinanuka, mwambie siku nyingine, naye akupokee. Leo sikiliza lako.

Fikiri jinsi ilivyokuwa vigumu kwake kuja. Angeweza kukusengenya. Angeweza kwenda ofisini. Amekuja kwako kwanza kwa sababu anakuthamini. Simama naye upande wake wa ua, mahali anapokaa yeye. Usikie kwa pua yake.

Na afadhali usingoje kuambiwa. Mara moja kila mwezi muulize jirani, "Banda langu halikusumbui?" Swali hilo dogo huzuia ugomvi mkubwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Akikataa kabisa

Wapo wachache wasiosikia maneno. Kwa hao, nenda mara ya pili ukiwa na mzee anayeheshimiwa na pande zote mbili. Akikataa tena, hapo ndipo uende kwa Mwenyekiti wa Kitongoji, na kwa Afisa Afya. Nchi yetu ina Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, nayo inahusu pia kero zinazodhuru afya ya watu. Kwenda ofisini wakati huo ni haki yako.

Lakini usijichukulie sheria mkononi. Kumtilia sumu mbwa wa jirani, au kumkata mbuzi wake, ni kosa kwa sheria. Ni ukatili pia, maana mnyama hakujifunga mwenyewe pale.

Kijiji kizima kinaweza pia kuweka sheria ndogo kuhusu mabanda. Halmashauri ya Kijiji hutunga, wanakijiji hutoa maoni yao katika mkutano wa kijiji, kisha Halmashauri ya Wilaya huidhinisha. Hudhuria mkutano huo, useme neno lako. Sheria ndogo nzuri ni ile waliyoizungumza wenye mifugo na wasio na mifugo pamoja.

Hata hivyo tusitegemee faini peke yake. Faini huchukua fedha ya mwenye banda. Haichukui mkojo uliotuama. Mtu akisha kulipa, atarudi nyumbani akiwa na hasira, na zizi litakuwa bado limelowa.

Wazee wetu watakumbuka mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi nchini Tanzania. Walisikiliza redio, walisomewa kijitabu, wakajadiliana. Kisha waliinuka wakachimba vyoo na kusafisha mazingira ya nyumba zao. Walijua sababu, wakakubaliana, wakashika majembe. Njia hiyo haijazeeka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukimaliza ukurasa huu, toka nje jioni ya leo. Simama kwanza karibu na banda lako mwenyewe, kama unalo, halafu simama kwenye mpaka wa jirani. Kama harufu inatoka kwako, chukua koleo kesho asubuhi. Kama inatoka kwake, piga hodi.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mwenye banda mara nyingi hasikii harufu ya banda lake?

2. Katika kitongoji chenu, ni nani hufagia mabanda? Ni nani hupokea fedha mnyama akiuzwa? Je, ni sawa?

3. Watu wawili wasimame mbele. Mmoja awe jirani, mwingine awe mwenye zizi. Waonyeshe jinsi ya kusema na jinsi ya kupokea.

4. Ni vitu gani vikavu vinapatikana bure kijijini kwenu ambavyo vinaweza kutandazwa bandani?

5. Andika ratiba ya zamu ya kusafisha banda la nyumbani kwako. Isome kwa sauti mbele ya wenzako.